Kura za wabunge ziwekwe mtandaoni kwa majina

Mhariri,

Tovuti za mabunge hazina uchoyo wa picha. Utamwona mbunge akitabasamu, chama chake, jimbo lake, shahada zake na kamati anayokaa. Hayo yana faida kwa mtu anayetafuta mahali pa kupeleka kero yake. Lakini anayetaka kujua kama mwakilishi wake aliunga mkono au alipinga muswada wa kodi, mara nyingi hutoka mikono mitupu.

Chanzo kimojawapo kimo ukumbini. Mabunge mengi yaliyofuata utaratibu wa Uingereza huamua mambo kwa kura ya sauti: wanaoafiki waseme ndiyo, wasioafiki waseme siyo, kisha Spika hutangaza upande ulioshinda. Hakuna jina linaloandikwa mpaka iitishwe kura ya mgawanyiko, ambayo kila mbunge huhesabiwa kwa jina. Sasa hata fundi hodari wa tovuti atapakia nini? Katiba ya Marekani ililiona hilo mapema, ikaruhusu moja ya tano ya wajumbe waliopo kudai kura ziandikwe kwenye kumbukumbu. Kanuni ya namna hiyo ina uzito kuliko kompyuta mpya.

Halafu kuna Hansard, kumbukumbu rasmi ya yanayosemwa bungeni. Uingereza imeweka mtandaoni mijadala ya tangu 1803, na ukiandika jina au neno moja unaletewa hotuba yenyewe. Kwingine Hansard hupakiwa kama picha za kurasa zilizopigwa skani, mamia kwa mamia, bila njia ya kutafuta neno ndani yake. Msomaji asiyeona, anayetegemea programu ya kusoma kwa sauti, haambulii kitu. Hiyo nashindwa kuiita taarifa ya wazi.

Linaloniuma zaidi ni kurasa za wabunge kuondolewa bunge linapovunjwa. Mbunge akirudi kugombea miaka kadhaa baadaye, wapiga kura vijana watapima nini kama maswali aliyouliza na hoja alizotoa hazipo tena?

Wanaotafuta takwimu za jumla wajaribu Parline, kanzidata ya Umoja wa Mabunge Duniani, ulioanzishwa 1889. Humo zimo idadi ya viti, urefu wa muhula na uwiano wa wanawake kwa kila nchi. Ila Parline haikuambii mbunge wako alisema nini jana. Hilo ni jukumu la bunge lake.

Ninachoomba kwa makatibu wa mabunge kinawezekana: kila kura ya mgawanyiko itoke siku hiyohiyo, jina kwa jina, waliokosekana nao waonekane, katika jedwali ambalo mtu anaweza kulipakua na kulichambua. Na kwa wabunge wenyewe: muswada unaogusa kodi, ardhi au uhuru wa raia usipitishwe kwa kura ya sauti. Simameni mhesabiwe.

Msomaji wako