Barua ya wazi kwa Mkuu wa Wilaya ya Bagamoyo: kimbunga kikija, vyombo vyetu tuviweke wapi?

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya,

Nakusalimu kwa heshima. Mimi ni nahodha wa mashua hapa Dunda, na jambo hili limenikaa moyoni tangu masika ya 2024. Naliandika hadharani kwa kuwa si langu peke yangu. Ni la kila mwenye mtumbwi, ngalawa, mashua au boti ya faiba, kuanzia hapa hadi Kaole na Mlingotini.

Wakati wa kimbunga Hidaya, Mamlaka ya Hali ya Hewa ilitutangazia mapema. Tulisikia redioni, na ujumbe ulizunguka kwenye simu. Tuliambiwa tusiende baharini, tukatii, na watu wetu walisalimika, alhamdulillahi. Lakini chombo hakina miguu. Tulisimama mchangani tukitazama mali yetu ikichezewa na maji, maana hakuna aliyejua tuipeleke wapi.

Pwani yetu haina pa kujificha. Maji yakitoka, vyombo vinapwelewa mbali. Yakijaa, vinaelea wazi mbele ya bahari yote. Mashua yangu ilikuwa kwenye nanga ya baura, na amari, yaani kamba ya nanga, niliikagua mwenyewe wiki ile. Niliitazama pale inapofungwa kwenye nanga. Sikuitazama pale inapopita juu ya ukingo wa omo, mbele ya mashua. Usiku upepo ulipokaza, kila wimbi lililoinua omo liliisugua kamba ubaoni, uzi mmoja mmoja, mpaka ikakatika. Mashua ikarudi kinyumenyume, ikaipiga ngalawa ya jirani yangu na kumvunjia tengo, mti wa ubavuni unaoizuia ngalawa isipinduke, kisha ikalala ubavu ufukweni, ikapigwa na mawimbi hadi mbao tatu zikaachia misumari. Alfajiri nilikiokota kipande cha ile amari. Ncha yake ilikuwa laini kama sufi. Gunia moja kuukuu, lililozungushwa pale kwenye ukingo, lingeiokoa mashua yangu na tengo la mwenzangu.

Na hapo tulibahatika. Hidaya kilifika Mafia Jumamosi ya tarehe 4 Mei, mwezi 25 Mfunguo Mosi kwa kalenda ya Kiislamu. Mvuvi yeyote atakwambia hayo yalikuwa maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana. Kingechelewa siku tano kingekutana na bamvua, maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Bamvua ya kwetu, kati ya kupwa na kujaa, hupita mita 3, na juu yake ungeongeza maji yanayosukumwa na kimbunga. Vyombo tulivyovivuta mpaka mchanga mkavu, tukadhani viko salama, vingenyanyuliwa vyote.

Nawasikia wanaosema vimbunga ni vya Msumbiji na Madagaska. Ni kweli kwamba karibu na ikweta ni nadra. Lakini Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaharibu meli za Sultani Barghash na mikarafuu, na hapa Bagamoyo kikaangusha majengo ya misheni iliyokuwa na miaka minne tu. Lindi ilipigwa Aprili 1952. Kenneth kilipita kusini Aprili 2019. Jobo kilitujia Aprili 2021 kikafifia kabla ya kufika. Msimu huanza kuhesabiwa Novemba, ila tazama tarehe hizo, Mheshimiwa: sisi vimbunga hutufikia mkiani mwa msimu, masika yakiwa yameshika. Basi kazi yote inapaswa iwe imekwisha kabla ya Machi.

Ninachoomba ni mahali, na njia ya kufika hapo. Mashua ya futi 30 haipandi juu bila watu ishirini na magogo ya kuviringishia, tena maji yakiwa yamejaa. Ukichelewa saa moja imeshalala. Na sehemu nyingi kuta zimesogea hadi mchangani, vichochoro vya kupitishia chombo vimebaki vichache. Kamati ya maafa ya wilaya itutengee uwanja juu ya mstari wa bamvua, ivilinde vichochoro vilivyobaki visijengwe, na izike nguzo za zege za kufungia kamba, kwa sababu tukikosa nguzo tunafungana chombo kwa chombo, na kimoja kikichomoka kinawavunjia wote. Trekta moja likiwa tayari pwani tangu siku ya angalizo, onyo la kwanza la Mamlaka, tusisubiri tahadhari kubwa, litafanya kwa mchana mmoja kazi inayotushinda siku mbili.

Majahazi makubwa hayavutiki. Hayo yaruhusiwe kuingia Mlingotini maji yakijaa, yafungwe kwenye mikoko kwa kamba nyingi, pande zote, na kamba zilegezwe kiasi cha maji kupanda. Mikoko ni hifadhi, najua, na sisi ndio wa kwanza kuililia ikikatwa. Maofisa misitu waje watuonyeshe miti gani na tuifunge vipi bila kuichubua.

Yaliyobaki ni yetu, hatukutupii wewe. Kushusha tanga na foromali, mti unaolibeba tanga, kung'oa mlingoti na kutoa injini ni kazi yetu. Kadhalika kukitilia chombo magadi, miti ya kukitegemeza kisilale ubavu, na kuchomoa kizibo ili mvua isikijaze. Nimeshaanza kuwapitia vijana kuwaonyesha kufunga magunia kwenye kamba, wote tunaolaza vyombo upande wa soko la samaki.

Nakuomba uje, Mheshimiwa, siku ya bamvua ijayo. Maji hujaa kama saa kumi alasiri. Tutatembea pamoja kutoka sokoni kuelekea Kaole, nikuonyeshe maji yanapofikia siku isiyo na upepo wowote, na vyombo vilipo wakati huo.

Wako katika utumishi wa bahari,
Nahodha wa mashua, Dunda, Bagamoyo