Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka: Miti ya Kikwajuni na Michenzani, Zanzibar

Wanajumuiya wenzangu, Assalaam alaykum.

Hesabu atazisoma mhazini. Mimi nitasema juu ya miti, hasa ile tuliyoikuta: mikungu na miarobaini mikubwa ya mitaani mwetu. Baadhi yenu mmeuliza kwa nini mwaka huu tulipanda miche michache. Sababu ni majani. Vumbi la barabarani na masizi hunata kwenye majani, kisha mvua huyaosha. Mche wenye majani ya kuhesabika hauwezi kazi ya mwarobaini uliokomaa, na mkubwa ukifa, pengo lake halizibwi kwa masika moja wala mbili. Ndiyo maana nguvu zetu tulizielekeza kwenye mikubwa.

Adui wa kwanza wa miti hiyo ni saruji. Watu wanasakafia hadi shinani, mizizi inakosa maji na hewa. Kwa idhini ya wenye nyumba tulivunja sakafu kuzunguka mashina, tukatandaza makumbi ya nazi ili udongo usikauke upesi wakati wa kaskazi. Makumbi yasiguse gome, yataliozesha. Hili bado linasahauliwa kila zamu. Tumeng'oa pia misumari ya matangazo na kukata waya za kuanikia nguo zilizokuwa zimezama ndani ya magome. Matawi yaliyofika kwenye nyaya za umeme tuwaachie Shirika la Umeme. Kijana atakayepanda huko na panga nitamshusha mwenyewe.

Maji yalitutaabisha. Tulinusurika kwa maji ya udhu, baada ya misikiti ya jirani kuturuhusu kuyakinga kwenye madumu. Mwezi wa Ramadhani tulimwagilia baada ya tarawehe, na zamu hizo zilijaa kuliko zote. Nashuku ni kwa sababu ya kahawa.

Miche ya masika iliyozungushiwa makuti ipo. Isiyozungushiwa imeliwa na mbuzi, na wenye mbuzi wamo humu ukumbini.

Sasa jambo ambalo halitawafurahisha wote. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango linachopendekeza cha chembe laini za vumbi na moshi hewani, wastani wa mwaka, kutoka mikrogramu 10 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo. Hatuwezi kukaribia huko ikiwa tunamwagilia mti asubuhi na jioni tunachoma taka chini yake, plastiki na vyote. Tena, kwenye njia nyembamba zinazopita magari, matawi yakifungamana juu huzuia moshi usitoke. Huko tupogoe, tusiongeze miti.

Kamati inaomba mridhie mambo mawili: vuli hii tusipande mche usiokuwa na mtu wa kuumwagilia anayekaa karibu nao, na tukutane na masheha, viongozi wa serikali mitaani mwetu, kuhusu uchomaji wa taka.

Mwisho, madumu ya jumuiya yaliyobaki majumbani yarudishwe kabla kaskazi haijaanza. Orodha ya walionayo anayo katibu.