Matibabu ya bure yana mlipaji

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo kuhusu zahanati za vijijini. Mimi ni mjumbe wa kamati ya zahanati katika kijiji kimoja mkoani Morogoro. Kila tunapokaa kupitia mapato na matumizi, tunakwama palepale.

Sera ya Afya ya mwaka 2007 inataka mjamzito, mtoto wa chini ya miaka 5 na mzee asiye na uwezo watibiwe bila malipo. Naiunga mkono kwa moyo wote. Lakini njoo uketi kwenye benchi letu siku ya kliniki uone waliopo: wajawazito, watoto wenye homa, bibi mwenye presha. Karibu wote ni wa msamaha. Anayelipa ni kijana aliyejikata na jembe. Sasa hela ya amoksilini ya mtoto, ya glovu za mkunga na ya gesi ya jokofu la chanjo itoke wapi?

Gesi hiyo iliwahi kutuishia mgao ukiwa haujafika. Muuguzi alizipakia chanjo kwenye kibebeo chenye barafu, akakodi bodaboda kwa hela yake mwenyewe, akaenda kuzihifadhi kituo cha jirani. Niliona aibu kumtazama usoni.

Najua watu watasema majengo yamejengwa. Ni kweli, na sisi wanakijiji tulifyatua matofali na kusomba mchanga. Ila bati hununuliwa mara moja, glovu kila mwezi.

Nashukuru pia kwamba tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zinaingia moja kwa moja kwenye akaunti ya zahanati. Utaratibu huo umetusaidia sana. Tatizo ni kwamba mfuko wenyewe unategemea wafadhili. Januari 2025 Marekani iliposimamisha misaada yake, tuliona jinsi saini iliyotiwa Washington inavyoweza kutikisa huduma za huku kwetu. Mwaka 2001, pale Abuja, nchi za Afrika ziliahidi kutenga asilimia 15 ya bajeti zao kwa afya. Ahadi hiyo bado tunaidai.

Ombi langu kwa wabunge na madiwani ni hili: misamaha iwe na fungu lake kwenye bajeti, lisilochanganywa na mengine. Hesabu si ya kubahatisha. Muuguzi wetu huandika kila mama aliyejifungua na kila mtoto aliyetibiwa kwenye vitabu vya MTUHA, yaani vya kumbukumbu za huduma za afya, na taarifa huenda wilayani kila mwezi. Kwa idadi hiyohiyo, zahanati irudishiwe gharama kabla robo ya mwaka haijaisha, na kiasi kilichopokelewa kibandikwe kwenye mbao za matangazo za kijiji ili kila mtu akisome.

Mjumbe wa kamati ya zahanati,
Morogoro