Kwa nini haturuhusu kulaza gari ufukweni, na kwa nini safari ya Maziwe haina saa maalumu

Mwezi uliopita mgeni aliyefika na familia yake kwenye gari la kulala ndani alituandikia kwamba tumemdhulumu mara mbili: kwanza tulimtoza fedha ya kulala ndani ya gari lake mwenyewe, kisha tukamwondoa saa mbili asubuhi kwenda Kisiwa cha Maziwe na kumrudisha adhuhuri, ilhali mwenye boti mmoja alikuwa tayari kumpeleka mchana kwa bei ndogo. Malalamiko hayo tunayapokea kila msimu, na kwa kuwa yote mawili yanatokana na kujaa na kupwa kwa maji, tumeona ni haki tuyajibu kwa pamoja.

Kambi yetu iko Ushongo, kusini mwa Mto Pangani, mahali ambapo siku za bamvua, yaani za maji makubwa, tofauti kati ya maji makavu na maji yaliyojaa hupita mita 3. Bamvua huja mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, na hapa kwetu siku hizo maji hujaa kabisa karibu saa kumi alasiri, kisha tena karibu saa kumi alfajiri, wakati mtu yuko katika usingizi mzito. Mgeni anayefika saa nne asubuhi huona ufuo mpana wenye mchanga ulioshikana vizuri, na haoni sababu ya kulipia eneo lililo juu, nyuma ya minazi. Mlinzi wetu humwonyesha mstari wa mwani uliokauka, ambao ndio alama ya mahali maji yalipofika mara ya mwisho, lakini si wote wanaokubali kwamba maji yatarudi hapo.

Yupo aliyetuambia anakwenda kulala kwa rafiki kijijini, kisha usiku akateremsha ufuoni gari lake la fobai lenye hema juu ya paa. Alfajiri tuliamshwa na honi. Maji yalikuwa yamefika kwenye ekseli, na kila alipokanyaga mafuta matairi yalizidi kujichimbia, maana hakuwa amepunguza upepo hata kidogo. Tulisubiri maji yapwe, tukaomba trekta kutoka shamba la mkonge, na gharama ya kumvuta peke yake ilizidi malipo ya wiki nzima ya kulala kwetu. Baada ya miezi miwili alitupigia simu kwamba stata imekufa, na fundi alipofungua habu za magurudumu alikuta grisi imegeuka nyeupe kama uji wa maziwa, beringi zote zimeliwa na kutu. Chumvi haikusubiri afike nyumbani.

Fedha tunayotoza, basi, si ya kitanda. Ni ya ardhi tuliyoijaza kifusi na kuishindilia ili gari zito lisizame hata wakati wa masika. Ni ya mlinzi anayekesha. Ni ya soketi zenye waya mnene na swichi inayojikata yenyewe, kwa sababu tulikwisha kuona ekstensheni nyembamba ikiyeyuka ikiwa bado imeviringishwa kwenye gurudumu lake huku mgeni akipika na kuwasha kiyoyozi kwa pamoja. Zaidi ya yote ni ya maji baridi. Kisima kilicho karibu na bahari kikivutwa sana huingiwa na chumvi, kwa hiyo maji yake tunayatumia chooni tu, na ya kunywa na ya kujaza matangi ya magari tunayaleta kwa boza. Anayeosha gari zima kwa maji hayo huwa tunamwomba alipe zaidi, na hatuoni aibu kulisema.

Kuhusu Maziwe, yule mgeni aliyetuandikia alikuja siku za bamvua. Maziwe ni fungu la mchanga lililo kilomita 8 hivi kutoka ufuo wetu. Zamani lilikuwa na mivinje, lakini miti yote ilichukuliwa na bahari, na sasa bamvua likijaa fungu lote huzama. Ndiyo maana mayai ya kasa wanaotaga kule huhamishiwa huku bara, yasije yakaozea majini. Siku hizo maji hupwa kabisa karibu saa nne asubuhi, kwa hiyo anayetaka kukanyaga mchanga na kuona matumbawe karibu na uso wa maji lazima aondoke mapema. Siku za maji mafu, mwezi unapokuwa nusu, mambo hugeuka, nasi tunaondoka mchana. Na kwa kuwa maji huchelewa kwa dakika 50 hivi kila siku, hatuwezi kubandika saa moja ukutani.

Waliopelekwa mchana wa bamvua kwa bei ndogo tumewapokea wakirudi. Kundi moja lilikuta mchanga wa kusimama watu wachache tu, na baada ya muda haukuwepo. Wakabaki ndani ya boti, kusi inavuma, watoto wanatapika, wala hapakuwa na jaketi okozi za kuwatosha. Katika bei yetu zimo jaketi hizo, mafuta, nahodha aliyezaliwa hapa, na kiingilio cha hifadhi tunachokilipa kwa kontro namba na kukupa risiti.

Asiyependa kufuata saa za bahari anaweza kwenda Tongoni, ng'ambo ya mto kwenye barabara ya Tanga, akaone magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo, ambako bado vipo vishimo vya duara ambamo zamani zilipachikwa bakuli za Kichina. Huko saa yoyote ni sawa, ingawa jua la saa saba ni kali.

Unapotuandikia, tutajie tarehe utakazokaa, urefu wa gari, na kama unavuta tela. Tutakutumia saa ya kuondoka kwenda Maziwe kwa kila siku utakayokuwepo kabla hujalipa chochote, ili kama saa hiyo haikufai ubadilishe siku.