Barua ya wazi kwa Waziri wa Afya, Kaunti ya Nairobi: tuwekeeni mashine za eko

Mheshimiwa Waziri,

Salamu kutoka Kayole. Ombi letu ni moja, kila hospitali kubwa ya kaunti iwe na mashine ya eko, ile ya kuangalia moyo, na mtu wa kuitumia hata usiku na wikendi.

Moyo umefunikwa na mfuko wa ngozi mbili, madaktari wanauita perikadiamu, na katikati kuna maji kidogo tu, mililita 15 hadi 50, ya kulainisha moyo ukipiga. Yakizidi, moyo unabanwa, haupati nafasi ya kujaza damu, presha inashuka na mtu anaweza kufa. Yakijaa kwa haraka hata mililita 200 zinaweza kuua, lakini yakija polepole mfuko unatanuka hadi lita nzima na mtu bado anatembea, anaenda job, mpaka siku anazidiwa.

Na huku kwetu Afrika kinacholeta hii shida sana ni TB.

Kijana wa mtaa wetu alivimba miguu, mishipa ya shingo imesimama, usiku analala ameketi, kwa sababu akilala chali anakosa pumzi. Hospitali ya kwanza wakampa dawa za athma, akarudi, wakampa zingine. Eksirei ilipoonyesha moyo umekuwa mkubwa ndio akaambiwa atafute eko, lakini hapo hakuna, aende praiveti, ikabidi watu wachange. Huko daktari akaona maji, akaingiza sindano chini ya kifua akifuata kwa skrini, akayatoa, na usiku huo huo kijana akalala chali.

Ilikuwa TB, na dawa zake anapata bure, miezi 6, na hapo serikali pongezi kwa roho safi kabisa. Lakini zitasaidia nani kama ugonjwa haujajulikana? Ukichelewa mfuko unaweza kukauka ukakaza moyo, na hapo sindano haisaidii tena, ni kupasua kifua na kuutoa huo mfuko, operesheni kubwa ambayo wengi wetu hatuwezi hata kuota bei yake.

Pia wafundisheni wale wa zamu waangalie shingo ya mgonjwa kabla waandike athma, hiyo haihitaji mashine.

Tutakuja kwa vikao vya maoni ya bajeti, na tutauliza hizi eko ziko ukurasa gani.

Mkazi wa Kayole