Gari linanikonyeza

Sheikh wangu,

Assalaam alaykum. Najua nina deni la jibu tangu kabla ya Mfungo, na najua ushanisemea kwa shemeji. Haya, lawama nimezipokea. Sisi huku Kisauni wazima, ila Bi Mkubwa goti lamsumbua. Nakuandikia kwa ajili ya kile kidude ulichonitumia.

Kile cha kuwashia gari kwa rimoti. Nyinyi huko Minnesota mwawasha gari mkiwa jikoni ili barafu iyeyuke kiooni. Mimi naliwasha ili AC ianze kazi kabla sijakaa. Kaskazi hii, saa nane mchana usukani huushiki bila kitambaa. Kwa hilo Mungu akulipe. Nasimama kivulini mwa mkungu, nabonyeza, gari languruma peke yake, na watoto wa mtaa washaamua lina jini.

Lakini taa, yakhe. Zile ndogo, za paking. Ulinambia zitawaka zenyewe injini ikishika, ndipo nijue. Hazikuwaka hata siku moja. Na kitufe cha kuwasha ndicho cha kuzima. Basi mimi niko ng'ambo ya barabara, matatu zapiga honi, injini siisikii, nabonyeza tena nikidhani halijashika, kumbe nalizima. Siku moja nimefanya hivyo mara nne mbele ya mzee wa genge, akaniuliza natafuta stesheni gani.

Kisha fyuzi ya kifaa ikaanza kuungua. Asubuhi haiungui, mchana haiungui, jioni tu. Nimebadilisha tatu kwa wiki moja. Fundi aliyekifunga akasema ni chumvi ya bahari. Chumvi gani hiyo inayongoja adhana ya magharibi?

Jumapili nikafungua plastiki za chini ya usukani, mita ya marehemu mjomba mkononi. Kwanza nilishuku fundi ameunga kifaa kwenye waya wa mwanga wa dashibodi, ule unaopanda na kushuka ukizungusha kigurudumu. Nikakizungusha, mita haikutikisika. Taa zikiwa zimezimwa, ule waya alioungia wasoma volti 12.4. Nikiziwasha, sufuri. Kinyumenyume! Nikarudia mara tatu, nikazibadilisha hata ncha za mita, nikidhani wazee wameniingia.

Ndipo ikanijia. Swichi ya Toyota hii haipeleki moto, yaani upande chanya wa betri, kwenye taa. Yapeleka ethi, yaani upande hasi, kwenye rilei, ile swichi ndogo inayoendeshwa na umeme, na rilei ndiyo inayowasha. Kifaa chako, vile kilivyofungwa, chatoa moto. Moto juu ya waya ambao tayari una moto, hakuna kitu, ndiyo maana taa zilikuwa zimekufa. Lakini jioni nikiingia, injini bado imeshikwa na rimoti, nikawasha taa kabla sijatia ufunguo, ule moto wakutana na ethi uso kwa uso. Tak! Fyuzi imekwenda. Fundi alichoma kalamu yake ya kupimia, kataa kakawaka, akasema umeme upo, akaunga. Umeme ulikuwapo, sikatai. Hakuuliza tu kwa nini upo na taa zimezimwa.

Nikanunua rilei nyingine, igeuze moto wa kifaa uwe ethi. Mguu wa 86 nikaupa moto wa kifaa, 85 na 30 nikaifunga kwenye bodi ya gari, ndiyo ethi, 87 kwenye ule waya wa swichi. Nikatoka nje, nikabonyeza. Taa nne zote! Nilipiga ukelele mke wangu akatoka na mwiko.

Sasa ndipo shida yenyewe. Tangu taa zipate uhai, zimeanza kusema. Siku nyingine nabonyeza, injini haiguni kabisa, taa zanikonyeza mara tano, kisha kimya. Nikibonyeza tena, tano. Hiyo ni hesabu ya makosa bila shaka, idadi ya kukonyeza yataja kosa, na pengine lilikuwa likigoma hivi hivi tangu mwanzo, nami nikilaumu betri ya rimoti. Nashuku swichi ya boneti, ile pini ya springi inayozuia gari lisiwake mtu akiwa na mikono ndani. Boneti yangu, tangu yale ya Changamwe unayoyajua, hulala upande. Lakini nikiikandamiza kwa kiganja mara nyingine lawaka, mara nyingine tano tena. Kwa hiyo sijui niibane boneti au nimtafute mchawi kwingine. Pedali ya breki nayo siiamini, yaweza kuwa ndiyo inayolizuia.

Kitabu ulichokitia kwenye boksi kina kurasa za kufunga tu. Ukurasa wa hesabu haumo.

Basi niambie: una kile kitabu kizima? Unaweza kunipigia picha ukurasa wa makosa, na tano ni nini? Chako cha huko chatumia waya gani kwa taa za paking, au hiki chetu kina mahali pa kugeuza kitoe ethi chenyewe, nami nimehangaika na rilei bure? Na shemeji yetu wa Probox ataka umtumie kama hiki. Nimemwambia gari lake la gia za mkono, akiliacha ndani ya gia litajirukia lenyewe hadi kwa muuza mahamri. Hasikii la mtu. Utamwambia wewe? Na waja lini, kabla ya mvua au baada?

Wako wa Kisauni