Kwa bibi aliyegonga mlango wangu kila Sabato

Bibi, jina lako la ukoo sikuwahi hata kukuuliza, na sasa najuta.

Ilikuwa Hendon, London, kabla ya 2003. Kwetu Wayahudi tushikao sheria, kubeba kitu barabarani siku ya Sabato ni mwiko. Mtoto asiyeweza kutembea naye ni mzigo, na kigari chake vivyo hivyo. Basi mwenye mtoto mchanga alibaki nyumbani. Mwanamke halazimiki kwenda sinagogi asubuhi ile, najua, lakini kutolazimishwa si kutotamani. Mimi mzaliwa wa Nairobi, sina mama wala shangazi karibu, niliikosa mno sauti ya Torati ikisomwa.

Wewe ulisali ibada ya mapema, kisha ukaja kwangu. Kengele hukuigusa, maana ni ya umeme, nao umeme hatuuwashi siku ya Sabato. Uligonga kwa vidole, polepole, mtoto asishtuke. Mkoba hukuwa nao. Ufunguo wa nyumba yako ulikuwa kifungo cha mkanda wako, ukawa sehemu ya vazi. (Ujanja huo niliuiga mara moja!) Ukampokea mtoto, ukanisukumia mlangoni: nenda, nenda.

Februari 2003 eruvu, mpaka ambao ndani yake tunaruhusiwa kubeba vitu siku ya Sabato, ikaanza kutumika, nguzo na nyaya zikiuzunguka mtaa, na akina mama wakamiminika na vigari kama waendao harusini. Nami nilikuwemo. Wewe ulikuwa umeshahama.

Yule uliyemlaza begani sasa ananizidi kimo. Asante sana, bibi yangu.